Mwanangu anashinda kwenye gemu za bunduki, atakuja kuwa muuaji?

Mama mmoja wa hapa Nyololo, upande wa barabara inayokwenda Igowole, aliniletea mwanaye wa miaka 13. Kwenye daftari la kliniki waliandika kichwa kinauma. Nilimpima macho, nikampima homa, nikamuuliza analala saa ngapi, akatazama sakafu. Nikamtuma maabara kwa kipimo cha malaria, na alipotoka tu, mama akavuta kiti karibu.

“Shikamoo tena Dokta, maana nina jambo. Ugonjwa wenyewe siyo kichwa. Anashinda banda la gemu pale Njia Panda, gemu zenyewe za kupiga watu risasi. Baba yake amemchapa mpaka fimbo imekatika, hasikii. Halafu nimetumiwa sauti kwenye WhatsApp, wanasema wale watoto wa Marekani wanaoua wenzao shuleni wote walianzia hukohuko. Sasa Dokta, huyu naye si atakuja kuua mtu?”

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mama huyu asitambulike, ila swali lake nimeliacha lilivyo. Nimeulizwa swali hilohilo na mwalimu, na mzee wa kanisa, na baba mwenye banda lenyewe ambaye ana watoto wanne na anaogopa kuwaingiza kwenye biashara yake. Si swali la kuchekwa. Ninalijibu leo kwa urefu kwa sababu jibu la ndiyo au hapana litamwacha mzazi pabaya.

Tuanze na hiyo sauti ya WhatsApp. Haikutungwa jana. Aprili 20, 1999, katika shule ya Columbine, jimbo la Colorado, Marekani, wanafunzi wawili waliwaua kwa bunduki wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua. Ikajulikana kwamba vijana hao walikuwa wapenzi wa gemu iitwayo Doom, ambayo mchezaji hutembea gizani akifyatua risasi. Tangu siku ile, kila kijana akishika bunduki, swali la kwanza la waandishi wa habari limekuwa: alikuwa anacheza gemu gani?

Majibu yaliyopatikana baada ya uchunguzi kukamilika mara nyingi hayakufanana na kelele za siku ya kwanza. Desemba 14, 2012, kijana wa miaka 20 aliua watoto 20 na watu wazima sita katika shule ya msingi ya Sandy Hook. Wengi walisema ni gemu. Wachunguzi walikuta kweli alikuwa na gemu za vita nyumbani, pamoja na nyingine za kawaida, lakini gemu aliyokuwa akiitumikia kwa masaa mengi kwenye ukumbi wa burudani ilikuwa ya kucheza dansi, ile ya kukanyaga mishale kwa miguu kufuata muziki. Na yule aliyeua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007, ambaye siku hiyohiyo alisemwa kwenye televisheni kuwa ni zao la gemu, watu walioishi naye chumba kimoja hawakumwona akicheza.

Mwaka 2005 jimbo la California lilitunga sheria ya kuzuia watoto kuuziwa gemu za ukatili. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Juni 2011 majaji saba kwa wawili waliitupa sheria hiyo. Sababu yao kubwa ilikuwa uhuru wa kujieleza, jambo la sheria ambalo si fani yangu. Lakini walisema pia jambo linaloingia kwenye fani yangu: kwamba tafiti walizoletewa hazikuthibitisha kuwa gemu ndizo zinazowafanya watoto wawe wakatili.

Tafiti hizo zikoje? Hapa nataka mzazi anivumilie kidogo.

Huwezi kuchukua watoto mia moja, ukawachezesha gemu za kuua, halafu ukasubiri uone nani ataua. Kwa hiyo watafiti hupima kitu kidogo kinachofanana na ukatili. Kijana anacheza gemu kwa muda mfupi, kisha anaambiwa achague kelele za kiasi gani zipigwe kwenye masikio ya mpinzani wake, au amwekee mtu mwingine pilipili kiasi gani kwenye chakula akijua kwamba mtu huyo hapendi pilipili. Akimwaga pilipili nyingi, inaandikwa kuwa ukali wake umepanda. Sidharau kazi ya wenzangu, ila kutoka kwenye kijiko cha pilipili hadi kwenye risasi ni safari ndefu kuliko Nyololo kwenda Tunduma kwa miguu.

Tafiti nyingine, ambazo mimi naziamini zaidi, huwafuatilia watoto kwa miezi au miaka. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti 24 za namna hiyo, zenye vijana zaidi ya 17,000 wa miaka 9 hadi 19 kutoka nchi mbalimbali. Waliona kwamba wanaocheza gemu za ukatili walizidi kidogo wenzao baadaye katika ugomvi wa kupigana. Neno la kulishika hapo ni “kidogo”. Ukiwapanga vijana wote kwa ukorofi wao, kutoka mpole kabisa hadi mgomvi kabisa, gemu inaeleza chini ya sehemu moja katika mia ya tofauti iliyopo kati yao. Zile sehemu nyingine tisini na tisa zinatoka kwingine: nyumbani, mtaani, shuleni, kwenye pombe, kwenye maumbile ya mtoto mwenyewe.

Mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Oxford kilitoa utafiti wa vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, wapatao elfu moja. Safari hii hawakumuuliza kijana peke yake, maana kijana anaweza kujisifu au kujificha. Waliwauliza na wazazi kuhusu tabia ya mtoto, na kiwango cha ukatili wa gemu kilitazamwa kwa alama rasmi za umri zinazobandikwa kwenye gemu. Hawakuona uhusiano. Mwaka 2020 Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kikaweka msimamo wake vizuri: kuna uhusiano mdogo kati ya gemu za ukatili na tabia kama kufoka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kusema gemu zinasababisha ukatili wenyewe, na kuzisingizia kila yanapotokea mauaji kunatuondoa kwenye sababu nyingine zinazojulikana.

Mimi msimamo wangu uko karibu na huo. Mtoto aliyetoka kucheza vita kwa masaa matatu anaweza kuja nyumbani na mdomo mchafu na kumsukuma mdogo wake. Nimeona, hata mtoto wa dada yangu yuko hivyo. Lakini kutoka hapo hadi kuua, gemu haitoshi.

Kama gemu ingekuwa ndiyo chanzo, Japani ingekuwa makaburi matupu. Nchi ile ni nyumba ya Nintendo na ya PlayStation, wazee kwa watoto wanacheza, na wana watu zaidi ya milioni 120. Vifo vya bunduki kwa mwaka mzima kwa kawaida unaweza kuvihesabu kwa vidole. Waziri Mkuu wao wa zamani, Shinzo Abe, alipopigwa risasi Julai 2022, muuaji alitumia bunduki aliyoitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa sababu kule kupata ya dukani ni kazi kubwa. Marekani, ambako watoto wanacheza gemu hizohizo, vifo vya bunduki mwaka 2021 vilizidi 48,000. Na hapa kuna jambo ambalo sauti za WhatsApp hazisemi: zaidi ya nusu ya vifo hivyo ni watu waliojiua wenyewe.

Gemu ni zilezile. Kinachotofautiana ni bunduki kuwa karibu na mkono.

Bunduki kabatini

Kuna utafiti mmoja ambao laiti ungekuwa mikononi mwangu ningeubandika kwenye mlango wa kila zahanati. Ulifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, ukachapishwa mwaka 2019. Walichukua watoto wa miaka 8 hadi 12, wawili wawili, wanaofahamiana. Kundi la kwanza lilicheza Minecraft, ile gemu ya kujenga kwa matofali, ikiwa imewekewa maadui wa kupigwa kwa bunduki. Kundi la pili lilipiga maadui hao kwa upanga. Kundi la tatu halikuwa na maadui wala silaha. Baada ya kucheza, watoto waliingizwa kwenye chumba chenye vitu vya kuchezea. Ndani ya kabati la chumba hicho kulikuwa na bastola mbili za kweli, zilizoharibiwa makusudi zisiweze kufyatua. Watoto hawakuambiwa.

Katika watoto waliozikuta, waliotoka kwenye gemu ya bunduki karibu 62 katika kila 100 walizishika. Wa upanga, 57. Na wale waliotoka kujenga nyumba zao kwa amani? Ni 44.

Magazeti yalishika namba ya kwanza, kwamba gemu ya bunduki inaongeza hatari. Ni kweli na sitaificha, kwa hiyo anayesema gemu hazina athari yoyote naye atulie. Mimi iliyoninyima usingizi ni namba ya mwisho. Watoto wasiocheza ukatili wowote, na bado zaidi ya wanne katika kumi walipoiona bastola waliinyanyua. Mtoto ni mtoto. Akikuta kitu kinachong’aa kabatini ataking’ang’ania, gemu iwepo isiwepo.

Kwa hiyo nilipomaliza kumsikiliza yule mama nikamuuliza: “Nyumbani kwenu kuna bunduki?”

Akacheka. “Hatuna, Dokta. Labda lile gobore la babu yake, la kufukuzia nyani shambani.”

“Linakaa wapi?”

“Nyuma ya mlango wa jikoni.”

“Lina baruti ndani?”

Hapo akanyamaza. Hakuwa amewahi kufikiria. Na ukweli ni kwamba gobore la mlinzi wa mahindi mara nyingi hukaa limeshindiliwa tayari, kwa sababu nyani hawasubiri mtu ashindilie. Mama alikuwa ameogopa bunduki ya kwenye kioo kwa mwaka mzima, ile ya chuma amepita pembeni yake kila asubuhi akienda kuwasha moto.

Serbia wamelijua hili kwa uchungu. Mei 3, 2023, mvulana wa miaka 13, umri wa huyu wa kwetu, aliingia shuleni kwake Belgrade na bastola mbili za baba yake akaua wanafunzi wenzake na mlinzi wa shule. Jumla ya waliokufa ikafika kumi baada ya majeruhi mmoja kufariki baadaye. Baba alikuwa amempeleka kujifunza kulenga shabaha. Walijadili gemu kule pia, lakini hatua ya haraka ya serikali ilikuwa kuwapa wananchi muda wa kurudisha silaha bila kuulizwa, na makumi ya maelfu ya silaha yakarudishwa.

Na sisi tumewahi kupewa nafasi kama hiyo. Septemba na Oktoba 2022 serikali yetu ilitangaza msamaha kwa anayesalimisha silaha haramu kwa hiari polisi. Kwa aliyepitwa, ushauri wangu ni kwamba asibebe gobore begani akapanda nalo bodaboda. Azungumze kwanza na mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, waende polisi pamoja. Sheria yetu ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kumiliki silaha bila leseni, na gobore la babu ni silaha, hata kama limerithiwa tangu enzi za Mjerumani. Mwenye leseni naye atoe risasi au baruti, afungie silaha kwa kufuli, risasi zikae sehemu nyingine na kufuli lake, na ufunguo ukae na yeye mwenyewe. Juu ya kabati si mahali salama. Mtoto wa miaka sita anajua kupanga ndoo mbili.

Nikiwa kwenye hilo niongeze lingine, maana wilaya yetu ya Mufindi ni ya wakulima. Kwa kijana mwenye hasira au huzuni ya usiku mmoja, hatari ya kwanza nyumbani kwetu si bunduki. Ni chupa ya dawa ya kuulia wadudu chini ya kitanda. Sri Lanka walipozipiga marufuku dawa za shambani zenye sumu kali zaidi, kuanzia miaka ya 1990, idadi ya wanaojiua ilishuka kwa zaidi ya nusu. Watu hawakuacha kuwa na huzuni. Kilichobadilika ni kwamba saa ile mbaya ilipofika, mkono haukukuta kitu cha kuua haraka, na saa ikapita. Fungia sumu kama unavyofungia bunduki.

Ukatili ambao watoto wetu wameuona kwa macho

Naandika haya nikiwa Nyololo, na kuna jambo siwezi kuliruka. Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi wa Channel Ten, aliyekuwa pia mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoa wa Iringa, aliuawa hapa kijijini kwa bomu la machozi lililofyatuliwa akiwa karibu mno, siku polisi walipozuia shughuli ya Chadema. Julai 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Picha za siku ile zilizunguka nchi nzima. Waliokuwa watoto wa shule ya msingi Nyololo mwaka ule sasa ni vijana wenye watoto wao.

Siandiki kufukua siasa. Naandika kwa sababu mtu akiniuliza ni ukatili gani unaingia ndani ya mtoto na kukaa, jibu la daktari ni ule alioushuhudia mwenyewe kwa macho, kwa watu anaowafahamu, na ule aliofanyiwa yeye mwilini. Kwenye kioo mtoto anajua kwamba aliyepigwa risasi atanyanyuka mchezo ukianza upya.

Vilevile Dar es Salaam walipotikiswa na vijana wa Panya Road, mwaka 2015 na tena 2022, silaha zilikuwa mapanga na nondo. Sikumsikia mtu yeyote akisema panga limetoka kwenye PlayStation. Watu waliuliza: vijana hawa wazazi wao wako wapi, wanakula nini, shule waliacha lini? Hayo ndiyo maswali. Sijui kwa nini tukifika kwa mtoto wa kwetu tunayasahau na kukimbilia gemu.

Tuna takwimu zetu wenyewe, tena nzito. Mwaka 2009 Tanzania ilifanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, kwa ushirikiano wa UNICEF, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa na Chuo Kikuu cha Muhimbili. Karibu robo tatu ya vijana, wa kike kwa wa kiume, walisema walipigwa ngumi, mateke, viboko au kutishiwa silaha kabla ya kufika miaka 18, na wengi wa waliowapiga walikuwa ndugu na walimu. Karibu wasichana watatu katika kila kumi na mvulana mmoja katika kila saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono.

Nawaomba akina baba mnisome hapa kwa utulivu. Tafiti nyingi, za nchi nyingi, zinakubaliana kuliko zile za gemu: mtoto anayepigwa sana nyumbani ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kupiga wenzake, na baadaye mke wake. Yule kijana wa miaka 13 alikuwa na michirizi mitatu mgongoni iliyovimba. Ukimchapa mtoto mpaka fimbo ikatike ili asijifunze ukatili kwenye gemu, ameshajifunza, na mwalimu ni wewe. Nilimwomba mama aje na baba yake. Alikuja, baada ya siku nne, akiwa amekunja uso. Tuliongea saa nzima. Si mtu mbaya. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo, na alikuwa na hofu kuliko hata mkewe.

Basi gemu ziko huru?

Haziko huru hata kidogo, ila makosa yake si yale wanayoyataja.

Kwanza ukipita kwenye mabanda yetu, watoto wengi utawakuta kwenye mpira. Wanapanga Real Madrid na Manchester City, na anayefungwa ndiye anayelipa. Gemu za risasi zipo, GTA na Call of Duty, na kwenye simu wanacheza Free Fire na PUBG. Kizazi changu kilikulia banda umiza, kwenye mkanda wa Rambo na Commando, damu ikimwagika na mtafsiri akituchekesha juu yake. Wengi wetu tulitoka pale tukawa walimu, madereva na manesi.

GTA ina alama ya 18 kwenye kasha lake. Namba hiyo si ya mapambo, ni umri. Humo kuna makahaba, dawa za kulevya na matusi ya nguoni, na mtoto wa darasa la tano hana la kufanya humo. Kasha likionyesha 3, 7 au 12 ndilo linaloweza kumfaa wa shule ya msingi kulingana na umri wake. Mwenye banda akikwambia hajui maana ya namba hizo, mweleze wewe.

Kinachowaleta watoto wa gemu kliniki kwangu ni usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, kijana wa sekondari saa 8 hadi 10. Huyu wa kichwa kuuma alikuwa akilala saa tano, kwa sababu baada ya banda kufungwa aliendelea na simu ya kaka yake chini ya blanketi. Malaria haikuonekana, macho mazima. Alipoanza kulala, kichwa kikaacha.

La pili ni pesa. Mia tano leo, elfu kesho, kisha chenji ya dukani inapungua. Na pembeni ya banda la gemu siku hizi kuna mashine za kamari, zile wanazoziita dubwi. Mzazi anaona mtoto yuko “kwenye gemu” kumbe amehama kiti. Kamari kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa kisheria, na kwa ubongo wa kijana naiogopa dubwi kuliko gemu yoyote ya bunduki. Kamwulizeni mwenye banda nani anaingia mle, na watu wazima gani wanakaa na watoto saa mbili usiku. Hilo mimi ningetaka kulijua kabla sijaijua jina la gemu.

La tatu lina jina la kitabibu. Tangu Januari 2022 orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani ina tatizo la uraibu wa gemu. Si kila anayependa kucheza analo. Tunalisema pale ambapo mtu ameshindwa kujizuia, gemu imezidi chakula, shule na marafiki, anaendelea ingawa anaona inamharibia, na hali hiyo imedumu kwa takriban miezi 12. Ni wachache. Wengi wa watoto mnaoniletea wana uvivu wa likizo, na dawa yake ni mpira wa kweli, kazi ya shamba yenye kiasi, na saa moja ya kucheza inayojulikana na kuheshimiwa na pande zote mbili. Tuliyokubaliana na baba wa yule kijana ni hayo: gemu siku za Jumamosi na Jumapili alasiri, simu inalala chumbani kwa wazazi, na fimbo inawekwa chini. Gobore nalo limeondoka nyuma ya mlango.

Dalili za kutisha ninazotaka mzikimbilie ziko kwingine. Mtoto anayewatesa wanyama na kufurahi. Anayetishia kuua kwa kumtaja mtu, siku na namna. Anayeandika au kusema kwamba anataka kufa, au anayegawa vitu vyake. Aliyekuwa mchangamfu akajifungia ghafla, haendi shule, haogi. Anayeulizauliza silaha iko wapi. Huyo usimngoje akue aache. Mpeleke kituo cha afya, aombewe rufaa: hospitali ya rufaa ya mkoa Iringa au ya kanda Mbeya kuna wahudumu wa afya ya akili. Kuna pia namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, unapiga bure, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga bila kukuomba ruhusa.

Nimeulizwa pia kuhusu bunduki za plastiki za sikukuu. Mtoto kucheza polisi na mwizi hakumharibu, watoto wamecheza hivyo kwa vijiti tangu zamani. Ninachokataa ni zile zinazorusha gololi ndogo ngumu za plastiki, ambazo hujaa madukani kila Krismasi na Idi. Gololi hiyo ikigonga jicho kwa karibu inaweza kuvujisha damu ndani ya jicho na kulipofusha. Ikitokea, usilisugue, usilikandamize, usiweke maziwa ya mama, maji ya chumvi wala dawa ya majani. Funika juu kwa kikombe safi cha karatasi au cha plastiki kisichogusa jicho, kishikize kwa plasta, mlaze mtoto kichwa kikiwa juu kidogo, na mwondoke saa hiyohiyo kwenda hospitali yenye daktari wa macho, hata kama mtoto anasema anaona.